Masika Niliyokuwa Babu Chungu

Machi 11

Daftari hili nimeliiba. Naandika mapema, ili atakayeliokota asijisumbue kunichunguza. Nilikuwa hakimu katika tamthilia ya kesi ya shamba, nikapewa joho, miwani isiyo na nguvu na daftari kubwa la jalada jeusi nijifanye naandika hukumu. Nikahukumu watu siku nne. Siku ya tano wakasema asante mzee, vua joho. Joho nikavua. Daftari likaniganda mkononi. Kurasa mbili za mwanzo zimejaa michoro ya kuku niliyokuwa nachora huku natikisa kichwa kwa hekima.

Mvua ya kwanza imenyesha leo. Studio yetu ina paa la bati, na magodoro tuliyotundika ukutani hayazuii kitu. Ikinyesha, hakuna kurekodi. Fundi mitambo anavua hedifoni anasema, "Wa juu wameingia kazini," nasi tunakaa kutazamana.

Machi 12

Mvua. Tumetazamana.

Machi 15

Jua. Tumerekodi sehemu mbili za kipindi cha vyombo. Kwa asiye na wajukuu: ni katuni ya vyombo vya jikoni vinavyoanza kusema mpishi akishatoka. Mimi ni Birika, Mwiko, Kisu Butu, Mama Sahani, na vijiko vyote sita. Ndiyo maana wananiita Kiraka. Pakitoboka popote, nabandikwa mimi.

Miaka thelathini na minane ya kazi hii nimelinda mageti mengi kuliko walinzi wa kweli. Nimefungisha ndoa, nimeiba ng'ombe, nimekufa mara ishirini na tatu, moja kwa kuangukiwa na kabati. Tamthilia za kigeni nimezitia sauti mpaka koo likaota sugu. Kuna mzee mmoja wa huko nimelia kwa niaba yake sehemu mia mbili, hadi mke wangu akauliza huyo baba hana ndugu wa kumpokea kulia?

Barabarani watu wananijua ila hawajui wananijulia wapi. Leo mama mmoja kanikamata mkono. "Wewe si ndiye uliyetuzibia bomba?" Nikasema ndiye. Akasema linavuja tena. Nikamwomba msamaha, tena kwa moyo.

Mwenzangu tunayemwita Radi, yeye ni Babu Chungu tu. Miaka kumi na minne, chombo kimoja. Lakini sauti! Inaanzia kwenye magoti. Akisema "Wajukuu zangu," kioo cha chumba cha fundi kinanguruma. Sauti nyingine hana. Waliwahi kumpa sungura, akatoka sungura mwenye nyumba sita za kupangisha.

"Kiraka," ameniambia leo, "kijiko chako cha tatu na cha nne vimefanana."

"Ni mapacha."

"Na Mama Sahani ana ndevu kooni."

"Mjane yule. Hana wa kumnunulia wembe."

Ndivyo tunavyosalimiana.

Machi 18

Mvua asubuhi, jua mchana, mvua tena. Mke wangu amenisomea mistari ya kesho huku anakata vitunguu. Lazima niandike hili: shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha. Kusoma nasoma, lakini kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Kwa hiyo tangu tuoane yeye anasoma kwa sauti, mimi nashika kwa sikio. Hakuna neno nimesema kwenye televisheni ambalo halikupitia kwanza kinywani mwake. Kila jambazi niliyemcheza alikuwa na hasira za mke wangu. Na vitunguu vikiwa vikali, hata jambazi analia.

Machi 22

Siku mbaya.

Tulikuwa tunangoja mvua iishe. Ikaisha. Fundi akasema twende. Radi akasogea kwenye maiki, akakohoa kile kikohozi chake kidogo, akafungua kinywa atoe "Wajukuu zangu." Ikatoka "wa, wa, wa." Tukacheka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: tulicheka, na wa kwanza nilikuwa mimi. Nikasema, "Chungu kimechemka, kinamwagika."

Kisha upande mmoja wa uso wake ukashuka, kama pazia lililong'oka msumari. Akanishika bega. Nikadhani anataka kunipiga kwa utani wangu. Alikuwa anaanguka.

Machi 23

Hospitali. Wanasema kiharusi. Mlangoni nimemkuta mkewe, shemeji yangu, ameshika viatu vya mumewe kifuani kama mtoto. Sikuwa na utani.

Machi 29

Anapumua, anaona, anasikia. Kusema, hakuna.

Aprili 4

Mwongozaji wetu ni mwanamke wa umri wa binti yangu wa mwisho, mwenye kalamu tatu nyweleni na hajui hata moja ilipo. Leo ameniita pembeni.

"Mzee wangu, sehemu ishirini zinatakiwa kabla masika hayajaisha. Unaweza kumwiga?"

Swali gani hilo. Nimemwiga Radi nyuma ya mgongo wake miaka kumi na minne. Studio nzima imecheka mpaka ikalala chini.

"Ni kwa muda tu," akasema. "Akipona anarudi. Ila nyumbani kwake wasiambiwe. Tusimvunje moyo mgonjwa."

Nikasimama pale penye alama ya viatu vya Radi kwenye zulia. Nikakohoa kama yeye. Nikashuka hadi magotini, nikaipandisha: "Wajukuu zangu." Kioo kikanguruma. Fundi mitambo akavua hedifoni akageuka kutazama mlango.

Daftari ni la wizi, lakini yaliyomo yawe ya haki: nilifurahi. Ilikuwa kama kuvaa koti la tajiri na kukuta linanikaa.

Aprili 9

Mke wangu amenisomea vijiko, Birika na Kisu. Alipofika kwa Babu Chungu akaweka karatasi chini.

"Endelea," nikasema.

"Hii siisomi. Za kwako nasoma. Hii ina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko kitandani."

"Basi ingoje kitandani."

Nimesoma mwenyewe. Kurasa tatu, alasiri nzima. Macho yananiuma kama yote mawili yamepigwa ngumi na herufi.

Aprili 10

Mvua.

Aprili 12

Mvua. Nimeshuka magotini mara kumi bafuni. Jirani kagonga ukuta akiuliza kama tuna mgeni.

Aprili 18

Leo nimekwenda kumwona Radi. Amerudishwa nyumbani. Wamemkalisha kwenye kiti cha mikono, mto huku na mto huku, mkono wa kulia umelala kama wa kuazima. Shemeji amenikaribisha kwa furaha iliyonichoma.

"Kaa hapa hapa karibu naye, shemeji. Saa kumi na moja hii, kipindi chenu kinaanza. Wanarudia vya zamani, anavipenda, kweli tena. Akisikia sauti yake anatulia."

Ningesimama. Ningesema nimeacha chungu motoni. Nikakaa.

Kikaanza. Haikuwa sehemu ya zamani. Ilikuwa ile tuliyorekodi wiki iliyopita. Babu Chungu akakohoa kikohozi chake kidogo, akasema, "Wajukuu zangu, moto ni rafiki wa mwenye subira." Radi hajawahi kusema hayo maneno maishani mwake.

Kichwa chake kikageuka. Polepole, kama mlango mzito. Hakutazama televisheni. Alinitazama mimi.

"Unajisikia, baba?" shemeji akamwambia, akimfuta kidevu. "Huyo wewe huyo."

Nimetazamwa na kamera miaka thelathini na minane. Sijawahi kutazamwa vile. Hakukuwa na hasira machoni, hasira ningeiweza. Alikuwa anasikiliza kazi. Fundi anayekagua kuta za fundi mwenzake, na nyumba inayojengwa ni yake.

Nikasema mvua inakuja, ngoja niwahi. Nje jua lilikuwa linachoma hata mbwa wamejificha.

Aprili 19

Sikutoka.

Aprili 27

Kituo kimependa kipindi, wanataka mwaka mwingine. Mwongozaji ameweka mkataba mezani. Juu yake imechapwa picha ya Babu Chungu mwenyewe, tumbo kubwa na macho ya huruma.

"Wewe ndiye Babu Chungu sasa, mzee wangu. Jina lako litakuwa la kwanza kwenye orodha. Nataka jibu kabla ya katikati ya Mei."

La kwanza. Msomaji, kama upo, hujui ninachoambiwa hapo. Miaka yote hii nikikaa na familia mwisho wa kipindi, majina yakipanda, mimi nimekuwa "na wengineo." Wajukuu walikuwa wananipigia makofi ikitokea. "Babu huyo! Na wengineo!"

Nimemuuliza mke wangu. Alikuwa anapanga nguo.

"Saini," akasema.

"Kweli?"

"Saini. Lakini kwanza kamwambie Radi. Usoni, si kwa salamu. Mtu hapokonywi sauti kwa kunong'onezwa."

Mei 1

Mvua. Afadhali.

Mei 3

Nimekwenda. Shemeji alikuwa amekwisha jua. Watoto wa jirani walimwambia vipindi ni vipya, akahesabu siku, akapata jibu.

"Ulikaa kwenye kiti changu," akaniambia mlangoni, "ukanywa chai yangu, nikamwambia mume wangu 'huyo wewe huyo,' na wewe umenyamaza. Wewe, shemeji, unayesemea hadi vijiko!"

"Nimekosa, shemeji."

"Umekosa sana. Ingia, miguu utaifutia wapi, zulia si lipo?"

Radi sasa ana maneno matatu: "la," "maji," na tusi moja ambalo dada anayemfundisha kusema anadai hakumfundisha yeye. Nilipoketi akanipa la tatu. Nikalipokea.

Nikamwambia yote. Kwamba niliombwa, kwamba nilikubali kabla mwongozaji hajamaliza kuniomba. Kwamba nilifurahi. Kwamba sasa wananipa Chungu moja kwa moja na jina la kwanza, na sitaki kusaini kabla hajasema yeye. Nikamwekea mkataba mapajani.

Akautazama muda mrefu. Akaonyesha kalamu. Akaishika kwa mkono wa kushoto, ulimi nje kama mtoto wa chekechea, na katikati ya picha ya Babu Chungu akavuta mstari, toka juu kwenda chini.

Akakifuta.

Nikakunja karatasi. Nikasema nimekuelewa, kaka. Njia nzima nilirudi kwa miguu, na mvua ikanipata katikati, na sikujibanza popote.

Mei 4

Nimemwambia mwongozaji: mwenyewe amekifuta, sisaini, Babu Chungu asiwepo tena. Ametafuta kalamu, akaikuta nyweleni.

"Basi nitaandika sehemu ya kumuaga. Kwa heshima. Utamsemea hiyo ya mwisho?"

Nikasema hiyo moja.

Mei 6

Mvua. Sauti imenikauka, na si mafua.

Mei 9

Sehemu ya kuaga imeandikwa. Chungu kinaanguka kutoka rafuni, vyombo vinalia, mpishi anafagia vigae. Nikaona si haki Radi aje kuiona kwenye televisheni kama ile nyingine. Nimempelekea karatasi. Shemeji akasoma kwa sauti, mimi ningetuchelewesha hadi masika yajayo.

Alipofika kwenye ufagio, Radi akapiga mkono wa kiti. "La!"

"Si ulikifuta mwenyewe?" nikasema.

"La! La!" Kisha akanipa lile la tatu.

"Alifuta nini?" shemeji akauliza. Nikatoa mkataba ule uliokunjwa, umelowa na kukauka. Akaunyoosha gotini. Akatazama. Akanitazama mimi kama nilivyotazamwa na walimu utotoni.

"Shemeji, wewe shule uliishia wapi?"

"La nne."

"Inaonekana. Mtu akifuta anapiga alama ya mkasi, hivi na hivi. Hebu ona huu mstari. Unaanzia mdomoni mwa chungu, unapinda hapa, unapinda tena, unaishia tumboni, haufiki chini. Huu ni ufa! Hajakifuta. Amekipasua."

Radi akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu mpaka mto ukaanguka. Akainua mkono wa kushoto akagusa upande wa uso wake ulioshuka.

"U," akasema. "U... fa."

Hilo lilikuwa neno la nne. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu augue, nilimsikiliza kama mtu wa kazi, si kama mgeni aliyeleta machungwa. Sauti bado ilianzia magotini. Ila njiani ilipita mahali palipovunjika, ikatoka na upepo pembeni, na mtetemo mdogo mwishoni, kama ukigonga chungu kilichoatuka. Miaka yote hiyo kumi na minne nimekuwa nikisaka sauti za vyombo, nimebana pua, nimesukutua maji, nimeweka karanga shavuni. Sijapata iliyokaribia ile.

Na mimi nilikuwa nimekwisha kumfagia.

Mei 10

"Watoto wataogopa," mwongozaji amesema.

"Watoto wana babu zao nyumbani, midomo imekwenda upande, na wanawapanda mgongoni."

"Sentensi moja itachukua saa nzima."

"Mpe fupi. Chungu chenye ufa hakisemi sana, kinaogopa kuvuja."

Akacheka bila kupenda. Halafu akakaza uso. "Na nikikataa?"

"Utatafuta Birika. Na Mwiko, Kisu, Mama Sahani, na vijiko sita."

"Unanitisha kwa vijiko, mzee wangu?"

"Sita."

Nilijua hatari yake. Viraka viko vingi mjini, tena vya vijana waliosoma. Mwongozaji akasema: jibu moja tu. Tarehe kumi na sita. Ikisikika, Radi anabaki. Isiposikika, ufagio unapita kama ulivyoandikwa, na hatutalizungumza tena.

Mei 12

Mazoezi kwa Radi. Mke wangu amekuja, bila kuombwa, akakaa katikati yetu na karatasi. Anamsomea yeye, ananisomea mimi. Sasa hana la kusema kuhusu mwenyewe na asiye mwenyewe.

Radi anajilazimisha. Anataka kutoa ile ya zamani, shingo inavimba, jasho linamtoka, kinachotoka ni mate.

"Acha kujinyoosha," nikamwambia. "Huyo wa zamani simtaki, nimemchoka, hata mimi namweza. Huyu mpya ni nani? Anavuta pumzi wapi? Anaona haya au ana kiburi?"

"Ba... ya," akasema, akigusa koo.

"Sauti mbaya siijui mimi. Najua sauti iliyomkosa mtu wake. Wewe miaka yote ulipewa moja, ukalala. Leo unaanza kazi, kaka. Karibu kwa wengineo."

Akanirushia kikombe kwa mkono wa kushoto. Mkono huo unapona vizuri.

Mei 13

Maneno mawili mfululizo. Shemeji amelia jikoni, akasema ni moshi. Wanatumia jiko la gesi.

Mei 14

Maneno mawili tena. Matatu hayaji.

Mei 15

Mvua mchana kutwa. Kesho ikiwa hivi, je?

Mei 16

Alfajiri mawingu, saa tatu jua jembamba. Tumemwingiza Radi studio kwa kiti cha magurudumu. Fundi mitambo alikuwa ameishusha maiki tayari, hakuna aliyemwambia.

Mistari ni hivi. Vijiko vinauliza, "Babu, umevunjika?" Babu Chungu anajibu, "Nina ufa, sijavunjika. Haya, nani kaficha kifuniko changu?" Kijiko cha sita kinajibu, "Mimi, Babu." Basi.

Mara ya kwanza alikwama kwenye "nina." Ya pili pia. Ya tatu akafika "ufa," hewa ikamwishia. Mwongozaji akasema pumzika mzee, hakuna haraka, lakini nilimwona anatazama dirishani. Ya nne, ya tano. Ya sita akatukana, na tusi likatoka safi kabisa, fundi akasema hilo tunalo. Tukacheka wote, na yeye pia, nusu ya uso. Ya saba ikaharibika kwa kicheko. Ya nane akafunga macho, akasema "la," akaonyesha mlango.

Shemeji alikuwa nyuma ya kioo. Hakusogea. Mimi ndiye niliyeinama.

"Radi, unamkumbuka yule sungura wako?"

Akafungua jicho.

"Alikuwa sungura mbovu kuliko wote duniani. Ila nilimwamini, kwa sababu hukumwonea haya. Huyu unamwonea haya."

Bati likalia tone moja. Fundi akatazama juu. Mwongozaji akasema, moja tu, ya mwisho, kabla haijaanza.

Nikauliza kwa vijiko sita: "Babu, umevunjika?"

Akakaa kimya muda ambao kwenye televisheni ni dhambi. Kisha ikaja, taratibu, kutoka magotini.

"Nina... ufa." Upepo ukatoka pembeni, akauacha utoke. "Si... javunjika." Akavuta pumzi mahali ambapo mimi nisingewahi kufikiri kuvuta. "Haya. Nani... kaficha... kifuniko changu?"

Hilo la mwisho lilitoka na kiburi cha mwenye nyumba zake sita. Kioo kikanguruma, na juu ya ngurumo ule mtetemo wa chungu kilichoatuka, na nikaona vyombo vyote jikoni vimegeuka kumtazama, na rafu, na vumbi, na mkono wa mpishi aliyekigongesha bahati mbaya.

Kimya. Kirefu. Nikajiuliza nani kalala, zamu yake ya kusema inapita. Radi akageuza kichwa, polepole, kama mlango.

"Ki... raka," akasema. "Ni wewe."

Nikafungua kinywa. Vijiko vyote sita vilikuwa vimelowa. Miaka thelathini na minane, maiti na mlinzi na hakimu na mzazi wa kigeni, sijawahi kukosa zamu yangu ya kusema, hata siku niliyoangukiwa na kabati la kweli.

Fundi mitambo akavua hedifoni. Tone la pili, la tatu. Mwongozaji akachomoa kalamu nyweleni, akaandika kitu, akajikuna jicho kwa kiganja, akapaza sauti studio nzima isikie.

"Turudie haraka, mvua inakuja. Babu Chungu yuko sawa. Tunarudia kwa ajili ya kijiko."